Magogo ya Fundi Maige

Fundi Maige haamini tofali. Mwambie kwamba mvua itashuka Tarime kabla ya saa kumi, atakuitikia. Mwambie bei ya dizeli itapungua, atacheka lakini atakusikiliza. Mwambie tofali linaweza kubeba gari huku binadamu amelala chini yake, hapo atakutazama kama mtu aliyekuja kumwuzia ng'ombe wa wizi. Gereji yake iko Turwa, ua wa mabati wenye udongo mweusi kwa oili iliyomwagika miaka na miaka, na humo ndani hukuti tofali hata la kukalia. Mteja mmoja aliwahi kuingia na lake apumzishe miguu, akaambiwa akalikalie huko nje.

Hakuzaliwa fundi wa magari. Ni Msukuma wa Geita aliyeifuata dhahabu Nyamongo akiwa kijana, na kule mashimoni kazi yake ilikuwa kupanga matimba, ile miti inayozuia udongo usiwafunike wachimbaji. Huko ndiko alikojifunza kwamba mti ni muungwana. Ukielemewa hulia, hutoa mlio kama mlango uliokosa mafuta, na mwenye masikio hupata nafasi ya kukimbia. Jiwe halina adabu hiyo. Yona, mwenzake wa kula naye sahani moja, alifia upande wa shimo uliopangwa mawe, kwa sababu miti ilichelewa kuletwa na mawe yalikuwa karibu. Hakukuwa na mlio wowote. Maige alikuwa juu anamwita aje kula, na alikuwa bado anamwita wakati vumbi linatoka.

Alipoacha shimo akashika spana, hofu ile alikuja nayo, wala hakuionea haya. Jeki, husema, ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Gari likiinuka, magurudumu yaliyobaki chini yanawekewa kabari. Halafu yanapangwa magogo, mawili yamelala hivi, mawili juu yake yamekata vile, mpaka yaguse chesisi. Jeki inashushwa gari likae juu ya mti, kisha Maige analisukuma kwa bega. Likitikisika anapanga upya. Likitulia ndipo mtu anaingia. Aliwahi kuwa na stendi za chuma, zilizochomelewa hapo mjini kwa mabomba chakavu. Siku alipouona ufa kwenye maungio, mwembamba kama unywele, alizikatakata mwenyewe zisije zikamshawishi mtu.

Magogo nayo huyachagua kwa mpini wa nyundo. Anagonga, anatega sikio. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu. Ulioliwa na wadudu hujibu kama debe lenye pumba.

Aliyemcheka kuliko wote alikuwa mshirika wake, Marwa, Mkurya mwenye mikono hodari na kichwa kigumu.

"Msukuma wewe unaogopa gari kuliko watu wanavyoogopa simba," alimwambia.

"Naogopa, tena sana. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wewe unataka kipi kiende kwenu?"

Marwa alicheka tu. Kwao mwanamume husimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho. Sasa huyu anataka aogope gari la Noah?

Wiki hiyo magogo mazima yote yalikuwa chini ya Fuso moja iliyokuwa ikisubiri kipuri cha difu, na yaliyobaki yalikuwa na nyufa, Maige akayapasua kuni. Akasikia kwamba kule Kisaka mzee Nchagwa ameweka geti la chuma kwenye zizi lake na anauza nguzo za zamani, miti iliyogongwa na pembe za ng'ombe miaka mingi bila kulalamika. Akaamua kwenda mwenyewe, kwa sababu gogo halinunuliwi kwa simu.

"Mpaka nirudi, hakuna kuingia chini ya gari," alimwambia Marwa. "Safisha plagi, panga spana, lala ukitaka."

"Nimesikia, kaka."

Sikio la kufa halisikii dawa, na la Marwa lilikuwa limeanza kuugua zamani.

Maige alirudi mchana wa jua kali juu ya kirikuu, kigari cha mizigo, kilichobeba nguzo zake. Dereva akazishusha getini, akaondoka. Maige alikuwa amefurahi, kila nguzo ilikuwa imemjibu vizuri. Akasukuma geti, na furaha yote ikamwisha hapo hapo.

Katikati ya ua ilisimama Noah nyeupe, pua juu. Jeki ile ya chupa, iliyokuwa ikivuja tangu mwezi uliopita, ilikuwa imesimama chini ya boriti ya mbele. Pembeni yake, kulia na kushoto, gari liliegemea tofali za simenti zilizoletwa kutoka nje na kupandishwa moja juu ya nyingine. Na chini ya gari, upande wa kuelekea geti, zilitokeza nyayo mbili za mtu.

Ng'ambo ya gari, ambako rundo la tofali lilizuia kuona chini yake, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa stoo, alikaa mama mmoja mtu mzima, khanga mabegani, kikapu cha unga wa ulezi miguuni na mkungu wa ndizi ubavuni. Maige alimfahamu. Alikuwa Wegesa, mama yake Boke, na Boke ndiye mke wa Marwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kumwona mjukuu. Boke amesema nimngoje hapa hapa, anakuja kunichukua. Huyo mkwe yuko?" Aliuliza huku amejiandaa kuinuka, maana kama mkwe yupo, yeye angetafuta pengine pa kukaa.

Kabla Maige hajafungua kinywa, sauti ndogo ilitoka chini ya gari. "Usiseme!"

"Nakuja, mama," Maige akasema, akazunguka upande wa zile nyayo, akachuchumaa.

Marwa alikuwa amelala chali juu ya mfuko wa sandarusi, mwili wote unang'aa oili. Alikuwa na chupi tu, tena iliyochanika. Giaboksi lilikuwa limemmwagikia, akavua ovaroli akaianika kwenye waya, akarudi kumalizia hivyo hivyo. Nani angekuja saa zile? Akaja mama mkwe.

"Toka," Maige alinong'ona.

"Mwondoe mama kwanza."

"Marwa, umelala chini ya tofali. Toka."

"Nikiwa hivi? Bora linilalie."

Hakuwa akitania. Msomaji asiyewajua Wakurya anaweza kucheka. Acheke upesi, maana jambo hili si dogo. Mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawakai benchi moja, hata salamu hubebwa na mtu wa katikati. Mama mkwe kumwona mkwe wake uchi ni jambo la kuwakalisha wazee, la kuchinjiwa mbuzi, na hata akishaliwa huyo mbuzi watu hawasahau. Maige alikuwa ameishi nao muda wa kutosha kulijua hilo. Alijua pia kwamba ndani ya mtungi wa jeki ile mafuta yalikuwa yanapungua kidogo kidogo, na kila yalipopungua, mzigo ulihamia kwenye tofali.

Alisimama. Akarudi upande wa benchi.

"Mama, hapa pana jua. Twende pale kwa mama ntilie ukanywe chai."

"Jua la wapi, na bati hili juu? Niache, baba, miguu imevimba. Nikihama Boke atanipotea."

Maige akaiendea ovaroli kwenye waya. Wegesa akamfuata kwa macho. "Nguo gani hiyo yenye mafuta hivyo? Mpeni mwanamke aifue."

"Nitampa, mama."

Akazunguka, akaisukumiza chini ya gari. Marwa akaipokea, akakunja goti aingize mguu. Goti likagusa rundo la kushoto. Gari lilitikisika kidogo tu, kama mtu anayegeuka usingizini, na kwenye tofali la katikati ukachoreka mstari mweupe. Unga ukaanza kushuka, mwembamba, bila sauti.

"Acha! Usijitikise!" Maige akanong'ona.

Marwa akatulia, mguu mmoja ndani ya ovaroli, mmoja nje. Sasa na yeye alikuwa ameuona ule unga. Macho yalimtoka, lakini kinywa kilibaki kile kile. "Mwondoe mama, kaka. Nakuomba."

Maige alikimbia getini. Nguzo zilikuwa ndefu na nzito, hazijakatwa, na hapakuwa na wakati wa msumeno. Akaivuta ya kwanza kwa kukumbatia, akailaza kando ya gurudumu. Akavuta ya pili, ya tatu, akizisukumiza chini ya gari kutoka pembeni, moja juu ya nyingine, bila kuingiza hata kiwiko. Hakuthubutu kuigusa jeki. Kuipampu kungelisogeza gari, na tofali lile halikuwa la kusogezwa. Jasho lilimwingia machoni. Alimwona Yona, si kama ndoto, alimwona kabisa, na akamchukia Marwa kwa moyo wote kwa kumletea Yona mchana kweupe.

"Fundi, mbona unakimbia hivyo?" Wegesa akauliza. "Kuna nini?"

Bado palibaki nafasi ya kiganja kati ya nguzo ya juu na chesisi. Gari likishuka kiganja kile, lingekilalia kifua cha Marwa. Ule mstari mweupe ulikuwa sasa umefika kwenye tofali la pili.

Heri nusu shari kuliko shari kamili, Maige aliwaza, ingawa hii nusu yenyewe ilikuwa kubwa.

"Mama!" alipiga kelele. "Marwa yuko chini ya gari na hana nguo! Tofali linapasuka! Geuka!"

Wegesa hakuuliza mara mbili. Aliinuka na miguu yake iliyovimba, kikapu kikaanguka, unga wa ulezi ukamwagika, akaugeukia ukuta wa stoo na kujifunika khanga kichwani mpaka kifuani.

"Toka sasa!" Maige akamwambia Marwa.

Marwa hakutoka. Alikuwa amefumba macho. Siri aliyoificha ilikuwa imekwisha kutajwa kwa sauti kubwa, na alilala pale kama mtu ambaye hana tena sababu ya kutoka. Maige alitaka kulia. Akamtukana kwa Kisukuma, akamtukana kwa Kiswahili, na bado.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya khanga, ukutani.

"Marwa! Mimi sina macho! Toka hapo!"

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina lake. Marwa alifumbua macho. Maige hakungoja akili yake irudi. Alishika pembe mbili za ile sandarusi, akakita kisigino kwenye udongo, akavuta kwa nguvu zote za mgongo wake, kama walivyokuwa wakivuta mifuko ya mawe kule shimoni. Oili iliyomwagika ikasaidia. Marwa alikuja na sandarusi yake, chali, mguu mmoja ndani ya ovaroli, na kichwa kilikuwa ndiyo kwanza kimepita ukingo wa gari wakati tofali lilipogeuka unga.

Halikulia. Lilipotea tu. Jeki ikaruka pembeni, na Noah ikashuka kwa kishindo juu ya nguzo za mzee Nchagwa. Nguzo zikapiga kelele, mlio mrefu wa kuumwa, zikazama kidogo kwenye udongo, zikashika.

Marwa alijishika kifua. Akalitazama gari, akaitazama ile nafasi iliyobaki chini yake, ambayo paka angepita kwa kujibana. Akainuka akiburuta ovaroli, akakimbilia nyuma ya stoo, na huko akasikika akitapika.

Maige alikaa chini pale pale. Hakuwa na hasira tena. Alipoinua kichwa, Wegesa alikuwa bado ameelekea ukuta. Mabega yalikuwa yanampanda na kushuka ndani ya khanga, na unga wa ulezi ulikuwa umemfunika miguu.

"Ametoka?" aliuliza.

"Ametoka, mama."

"Mzima?"

"Mzima. Hana hata mchubuko."

Mama aliufuta uso ndani ya khanga. Alikuwa analia, na hakutaka ionekane, kwa hiyo alisubiri sauti yake itulie.

"Basi mwambie sikuona kitu. Mimi nilikuwa nautazama ukuta tangu nilipofika."

"Nitamwambia."

"Umwambie na hili. Boke ananyonyesha. Siku nyingine nikimkuta chini ya tofali, sigeuki. Nitamvuta miguu mwenyewe, hivyo hivyo alivyo, na mbuzi wa kuiondoa aibu hiyo nitamchinja mimi."

Maige akafungua kinywa aupeleke ujumbe nyuma ya stoo, lakini jibu lilimtangulia. Lilitoka huko huko nyuma, la kutetemeka kama la mtoto.

"Ndiyo, mama."