Bweni la Viti

Jirani yetu tulimwita Mama Funguo, kwa sababu kiunoni hakukosa lundo la funguo. Aliajiriwa awe mlezi wa wasichana kwenye shule ya kurekebisha watoto waliohukumiwa na mahakama. Kazi nzuri, ila wasichana hawakuwepo. Bweni lao lilizinduliwa kwa utepe na picha, kisha mkuu wa shule akalijaza viti vya plastiki na mifuko ya saruji. Wavulana walilala kwenye mabweni yao. Wasichana walipelekwa jela ya wanawake watu wazima, “kwa muda tu”, na muda wenyewe ukaota mvi.

Alasiri moja askari alimleta binti wa miaka kumi na minne, mfanyakazi wa ndani aliyemtwanga tajiri yake kwa mwiko.

“Mrudishe,” mkuu akasema. “Hatuna nafasi.”

“Jela wamemkataa, mzee. Wamefurika,” askari akajibu. “Na mimi kwangu sina pa kumweka.”

Mkuu alikuwa anawahi semina ya wiki nzima kuhusu uhaba wa nafasi za wasichana. Akapanda gari, akamwachia Mama Funguo msala.

Mama Funguo alijaribu kusogeza saruji, mgongo ukagoma. Basi akafungua chumba cha mgeni rasmi, chenye zulia na kitanda cha sita kwa sita. Binti akakaa sakafuni, akiogopa kuchafua shuka.

“Lala, mwanangu,” Mama Funguo akamwambia. “Hicho kitanda hakijawahi kupata mtu wa maana.”

Semina ilipokwisha, mkuu alirudi na bosi wake kutoka makao makuu, aliyetaka kujinyoosha kidogo kwenye chumba cha mgeni rasmi. Wakamkuta binti anapiga pasi gauni.

“Huyu nani?” bosi akauliza.

“Mfungwa wenu, mheshimiwa. Chumba chako tumekuandalia kule,” Mama Funguo akasema, akawaongoza hadi bweni la wasichana.

Bosi akachungulia. Panya akakatiza juu ya viti. “Humu hawezi kulala mtu,” akasema, leso puani.

“Nami niliona hivyo hivyo.”

Mkuu akakosa pa kuficha uso. Bosi alilala hotelini, na asubuhi akaamuru binti apelekwe jela, wenye jela wapende wasipende. Mama Funguo akapanda naye gari, akamwomba dereva apitie mahakamani kwanza. Hakimu aliyemhukumu binti alimsikiliza huku akijikuna kidevu. Miaka yote alidhani bweni lile lina watoto. Akabadili adhabu: binti aitumikie nje, kwa shangazi yake, chini ya uangalizi. Binti akamkumbatia Mama Funguo, akalia mpaka mtandio wa mlezi wake ukalowa.

Mkuu hakusamehe. Mwezi uliofuata alifuta cheo cha mlezi wa wasichana, kwa maelezo kwamba shule haina wasichana. Sasa Mama Funguo anafua mashuka ya wavulana. Juzi shangazi wa binti alikuja kushukuru. Wakakaa uani, wakamsengenya mkuu mpaka chai ikapoa.