Jina la Mbele

Miaka ile ya tisini, mitumba ilipojaa Mwanza na kila mwenye kibanda akajiita mfanyabiashara, nilikuwa karani wa maktaba katika ofisi moja ya utafiti wa afya. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja linalotazama ziwa na rafu za majarida ya tiba, mengi yakiwa msaada kutoka ng'ambo. Yalifika yamechelewa, pengine mwaka mzima, lakini yalifika. Niliyapenda kuliko wasomaji wake, maana jarida haliachi kikombe cha chai juu ya meza ya mtu.

Siku hizo ndipo ulipoingia mtindo wa kupima watafiti kwa kutajwa. Zamani ulipanda cheo kwa miaka ya kazi na sifa za mkuu wako. Sasa kamati ya vyeo ilitaka kujua makala yako imetoka katika jarida la daraja gani, na watafiti wangapi wengine wameitaja katika makala zao. Majarida nayo yakapewa vyeo kama askari. Lile linalotajwa sana duniani lilikuwa jenerali, na letu la hapa nyumbani, lililosomwa na manesi wa zahanati za kandokando ya ziwa, halikuwa hata na kofia. Hilo liliniudhi, na linaniudhi hadi leo.

Pale ofisini alikuwepo daktari mmoja mtafiti, mtu wa Mara, mpole kupita kiasi. Aliomba kupandishwa kuwa mtafiti mwandamizi, na mara ya kwanza alikataliwa. Safari hii ofisi ilikuwa inapunguza watu na mkataba wake ulikuwa ukingoni. Asipopanda, anarudi kijijini kuvua na kaka zake. Alikuja maktaba akaniomba nimhesabie ametajwa mara ngapi.

"Dada, usiharakishe," aliniambia. "Hata zikiwa chache, andika ukweli."

Hesabu yenyewe ilifanyika kwa macho. Tulikuwa na vitabu vinene vya faharasa, herufi zake ndogo kama punje za ulezi. Unatafuta jina la mwandishi, na chini yake unakuta orodha ya makala za watu waliomtaja. Nilikesha? Wala, niliumia macho mchana kweupe, siku nne. Nilipata mara mbili tu, na moja kati ya hizo alikuwa amejitaja mwenyewe.

Sikuamini. Mimi ni mtoto wa Magu, na kazi yake kubwa, ile ya konokono wa kichocho kwenye majaruba ya mpunga, aliifanya katika shamba la mjomba wangu. Nilimwona mwenyewe, misimu miwili, ndani ya buti za mpira zilizotoboka, akichota konokono kwa chujio la chai la mke wa mjomba, ambalo baada ya hapo hakuna aliyelitaka tena. Makala ilitoka katika jarida la ng'ambo, la daraja la juu kabisa. Itakuwaje isitajwe?

Nikaitoa rafuni nikaisoma kuanzia juu. Jina la mbele halikuwa lake. Lilikuwa la mzee aliyekuwa mkuu wake, ambaye alikwishastaafu akawa anaishi Butimba. La daktari lilikuwa la pili, na vile vitabu vya faharasa viliiweka kila makala chini ya jina la mbele tu. Nikatafuta jina la mzee. Loo, orodha ilijaza ukurasa ikavuka wa pili. Watu wa Misri, wa Brazili, wa China, wote wanamtaja mzee ambaye katika jaruba la mjomba hakuwahi kutia hata kidole.

Nilimfuata daktari nikamuuliza kwa nini. Alinishangaa.

"Sasa ningemtangulia mzee wangu? Kwetu mtoto hanawi mikono kabla ya baba."

Kumbe alifanya hivyo kwenye makala zake zote nzuri. Nikamwambia heshima si utumwa. Akasema tenda wema nenda zako. Nikamjibu kwamba wema huo utampeleka moja kwa moja mpaka kwenye mtumbwi wa kaka zake. Alitabasamu, akaniomba nisimwambie mtu.

Sasa, mimi na siri hatupatani. Jumamosi nilivaa gauni langu la kanisani nikaenda Butimba, daftari kwapani. Nilimkuta mzee barazani na mkewe, wanachambua maharage.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Maktaba hawajambo?"

Nilimwambia nimekuja kumwonyesha alivyotajwa duniani, na hapo sikudanganya. Nikasoma nchi baada ya nchi. Alifurahi, jamani. Alinyooka kwenye kiti, akauliza ni makala gani iliyozishinda nyingine.

"Ile ya majaruba ya Magu, mzee."

Mkewe akaacha maharage.

"Hiyo si ndiyo uliyoletewa ukasema konokono wenyewe huwajui?" alimuuliza.

"Ndiyo hiyo," alisema mzee. Kisha akanigeukia, akataka kujua kijana wake ametajwa mara ngapi. Nikamwambia mara mbili, na moja ni yeye mwenyewe. Nikamweleza habari za kamati na za mkataba. Kwa kimbelembele kile ningeweza kufukuzwa kazi mimi kabla ya daktari.

Mzee aliomba karatasi. Akaandika kwa mkono wake kwamba utafiti ule ni wa daktari tangu konokono wa kwanza hadi nukta ya mwisho, na kwamba yeye aliwekwa mbele kwa adabu tu.

"Nilidhani ananipa salamu," aliniambia akinikabidhi. "Kumbe alikuwa ananipa riziki yake."

Barua niliipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti wa kamati. Siku ya kikao ilisomwa mbele ya wote, na nasikia wajumbe wawili walikohoa sana, maana nao walikuwa na makala za namna hiyo. Daktari akapanda cheo, na mkataba ukaongezwa. Nilicheza peke yangu katikati ya rafu.

Asante sikupata. Alikuja maktaba amefura, na mimi sikuwa nimewahi kumwona na hasira.

"Umemwaibisha mzee wangu mbele ya watu."

Nilimwambia nimefanya, na kesho ningefanya tena, akitaka akanishitaki. Akavuta kiti akakaa. Kisha akaniomba nimsindikize akaombe radhi.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada. Alichukua jogoo na bahasha. Jogoo nilimwelewa. Bahasha ilikuwa na makala mpya, ya minyoo kwa watoto wa wavuvi, kazi ya miaka mitatu, imepigwa taipu tayari kwa posta. Mzee aliitoa akasoma ukurasa wa kwanza. Jina lake lilikuwa pale pale, mbele.

"Nimekuletea, mzee, unisamehe," daktari alisema, kichwa amekiinamisha.

Mzee alicheka mpaka mkewe akamletea maji. Mimi nilitaka kulia kwa hasira. Kisha akaomba kalamu, akaukata mstari wote wa majina, lake na la daktari, akamrudishia karatasi na kalamu juu yake.

"Haya. Andika upya. Wewe peke yako."

Daktari aliishika kalamu asiandike. Mtu aliyesimama majini misimu miwili bila kulalamika, sasa alishindwa na jina lake mwenyewe. Mwishowe akaandika, pembeni kabisa, kwa herufi ndogo. Mzee akaisogeza karatasi kwenye mwanga, akaitazama, akamrudishia.

"Kubwa zaidi, mwanangu," alisema. "Nataka nilione bila miwani."