Mchambua kahawa wa Butembo na kwaya ya baba yake

Vidole vya Kanyere Joyeuse vinapita mbio juu ya kahawa. Punje nyeusi inatupwa pembeni, iliyovunjika inatupwa pembeni, nzima inabaki kwenye ungo. Ni saa moja asubuhi katika ghala moja mjini Butembo. Baridi bado inauma, na wanawake kama thelathini wamekaa chini, wanachambua huku wakipiga soga.

Kila baada ya muda vidole hivyo vinasahau kazi. Vinaanza kugonga ukingo wa ungo, kimoja kimoja, na midomo ya Joyeuse inanong'ona: do, mi, sol.

"Weye Joyeuse, uko nachambula kahawa ao uko napiga kinanda?" anapaza sauti Eliane, jirani yake, na safu nzima inaangua kicheko.

"Niko nafanya yote mbili, mama. Acha wivu!"

Leo anacheka. Kabla ya Pentekoste asingecheka hata ungemtekenya.

Joyeuse ana miaka ishirini na miwili na anasomea kilimo katika chuo kimoja hapa mjini. Asubuhi kahawa, mchana darasa, na kila Jumatano jioni yuko sebuleni kwa Lusenge, fundi redio anayefundisha kinanda. Pesa za kulipia masomo hana. Analipa kwa jembe: Jumamosi anapalilia mboga za lengalenga na vitunguu vya mke wa mwalimu.

"Bustani yetu haiyakuwaka safi namna hii," anasema Lusenge. "Miye niko naomba asijue kinanda mbio."

Sasa, mtu anayesomea mihogo anatafuta nini kwenye kinanda? Jibu liko Beni, kilomita hamsini na kitu kaskazini, na linaitwa Syauswa. Ni baba yake mzazi.

Mzee Syauswa anaongoza kwaya ya kanisa la mtaani kwao tangu Joyeuse hajazaliwa. Kinanda hakuwahi kukipenda. Wimbo alikuwa anauanzisha mwenyewe, kwa koo lake, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Miaka ya karibuni alikuwa anaanzia juu mno. Ubeti wa kwanza akina mama wanajikaza. Kikija kiitikio wanapiga mayowe. Ubeti wa pili kila mtu kanyamaza, anatazama viatu vyake. Mara moja wimbo ulikatikia njiani mazikoni, mbele ya jeneza, na wafiwa wakacheka. Wafiwa, jamani!

Wazee wa kanisa wakakaa kikao. Maliro, katibu wao, akamwambia mzee bila kuzunguka: siku ya Pentekoste kinanda ndicho kitakachoanzisha wimbo, na ukiharibika tena, kwaya itapewa mtu mwingine.

"Tata akinyang'anywa kwaya, ataisha," anasema Joyeuse, akimwita baba kwa Kinande na kuchomeka Kifaransa kama wengi wa huku. "Vita ilitufukuza ku shamba yetu ya pande za Mangina, hakulia. Mais ile siku ya kikao alilia. Miye nilimuona."

Kinanda cha kanisa kilikuwa kimelala chini ya kitambaa tangu mpigaji wake aende kutafuta maisha Kasindi. Joyeuse akasema atajifunza yeye. Akamrekodi baba yake kwa simu akiimba wimbo wa Pentekoste, akarudi Butembo, akampa Lusenge asikilize.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo wapiga vinanda wa huku watanichukia kwa kulisema. Wengi wao hupiga vibao vyeupe tu. Vyeusi kwao ni pambo. Wimbo ukiwa juu au chini, vidole haviondoki mahali pake. Wanabonyeza kitufe, sauti ya kinanda kizima inapanda au inashuka, na maisha yanaendelea.

Lusenge alifanya hivyohivyo. Akakipandisha kinanda chake mpaka kikamfikia mzee Syauswa huko mawinguni, ndipo akaanza kufundisha. Kitufe hakukitaja hata siku moja. "Niliona ni kitu ya bure, sawa kuwasha taa," anasema sasa, akijikuna kichwa. Joyeuse hakuwahi kugusa kinanda kingine. Aliamini vyote hulia hivyo.

Alifika Beni kwa pikipiki siku moja kabla ya sikukuu, mwili mzima vumbi. Hakukuwa na mazoezi. Umeme ulikuwa umekatika, na mafuta ya jenereta yalitunzwa kwa ajili ya ibada.

Jumapili jenereta ikawaka na kanisa likajaa. Maliro alikaa mbele kabisa, mikono kifuani. Joyeuse akaanza kupiga.

Wimbo ukatoka chini, chini kabisa.

"Nilisikia ile haikuwa sauti ya tata," anakumbuka. "Nikaangalia vidole, viko pa mahali yao. Nikasema mu roho, Mungu wangu, nimeua baba."

Mzee Syauswa akamgeukia. Mkono ulikuwa hewani na kinywa wazi, tayari kuuvuta wimbo juu kama kawaida yake.

"Nilitaka kuvuta, kweli," ananiambia mzee. "Mais nikaona mutoto iko naniangalia. Nikajiuliza, nikimuacha pekee yake mbele ya batu, miye ni baba wa namna gani? Nikafunga kinywa. Nikamufuata."

Kwaya ikaingia. Kiitikio kilipokuja, akina mama walijiandaa kupiga mayowe kwa mazoea tu. Hakukuwa na haja! Sauti ilipanda, ikafika, na pumzi ikabaki. Wanaume wa besi, ambao kwa miaka walikuwa wakifungua midomo bila faida, wakasikika mpaka barabarani. Ubeti wa pili ukapita, wa tatu ukapita, wa nne pia. Maliro mwenyewe alikuwa anaimba, mikono imeshuka.

"Donc, kumbe wimbo ilikuwaka muzuri hivi?" alisema baada ya ibada, mbele ya wazee wenzake. "Na tuliteseka myaka yote? Kwaya inabakia kwa Syauswa."

Joyeuse alizunguka nyuma ya kanisa, akakaa kwenye majani, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Kisha akacheka peke yake. Anasema hajawahi kulala vizuri kama siku ile.

Siri ya kitufe aliijua aliporudi Butembo na kumsimulia mwalimu. Lusenge alishika kichwa. Kama angekumbuka kumwonyesha, Joyeuse angepandisha kinanda cha Beni vilevile, na mayowe yangekuwa yaleyale. Sasa amekishusha kinanda chake na kubandika karatasi juu ya kitufe hicho, na mwanafunzi wake anahangaika na vibao vyeusi.

Akimaliza chuo, Joyeuse anataka kurudi Beni alime, na afundishe kinanda vijana wawili au watatu wa kwaya. "Sitaki bote bangojee miye pekee," anasema. "Na batajua vyeusi pia, vraiment."

Nilimuuliza mzee Syauswa kwa simu kama ataanzisha tena nyimbo mwenyewe. Nikamsikia anacheka.

"Juzi umeme ilikatika, na kwaya yote imesimama inaningojea," alisema. "Ilikuwa Jumatano, mutoto iko kwa mwalimu yake. Nikamupigia simu. Nikamuambia: Joyeuse, nipatie do."