Dumu Lenye Kifuniko cha Buluu

Wiki iliyopita maji yalikatika kwa siku tatu katika ghorofa tunalokaa huku Kyambogo. Siku ya pili mlinzi alipita akigonga milango, akatutangazia kwamba lori la maji linakuja saa kumi, kila mtu ashushe vyombo vyake. Nikaingia stoo, nikasogeza masanduku na kitanda cha mtoto kisichotumika tena, na nyuma yake nikalikuta dumu la njano la lita ishirini, limepauka, kifuniko chake cha buluu bado kimekaza. Mume wangu ameniuliza mara mbili kwa nini hatulitupi. Mara zote mbili nilimjibu kwamba dumu zima halitupwi. Ni kweli, lakini wewe nitakueleza vizuri zaidi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu mama aliponileta kwa bibi, Nateete, kisha yeye akaenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Nyumba ya bibi ilipakana na uzio wa kambi ya polisi. Wazee wa bibi walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, wakafungua maduka, wakazeeka huku. Bibi mwenyewe hakuwahi kuiona bahari, lakini aliongea Kiswahili kana kwamba ameondoka huko jana. Duka lilikuwa limekwisha siku nyingi. Kilichobaki kilikuwa karai, jiko la mkaa na benchi moja, na kila asubuhi, tarumbeta la kambini lilipolia, bibi alikuwa ameshaanza kukaanga kabalagala. Alizipondaponda zile ndizi ndogo tamu, akachanganya na unga wa muhogo, akakanda, akakata duara kwa mdomo wa glasi. Askari, waliomwita bibi Hajati, walikuja kwenye benchi wamevaa buti, wakala na chai, wakaenda zamu. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndizi kwenye mafuta ya moto, masikio yangu yanangoja buti.

Nilikuwa mtoto wa haya. Sisemi mpole, nasema wa haya, na ninajua tofauti yake. Shuleni mwalimu alipoita majina nilikuwa naitika kwa sauti ndogo kiasi kwamba mara mbili aliniandika sipo. Sikumsahihisha. Mapumziko niliyatumia kutembea kutoka darasani hadi choo cha mbali, na kurudi, ili nionekane mtu mwenye safari. Nyumbani bibi aliongea na mimi nikatikisa kichwa. Mama alipiga simu Ijumaa, akaniuliza kama nina marafiki, nikamwambia ninao. Alinitaka nimtajie mmoja, nikasema mtandao ni mbaya.

Kazi yangu ilikuwa maji. Bomba la mtaani lilikuwa limekufa, kwa hiyo sisi wa nje ya uzio tuliruhusiwa kuteka kambini, katikati ya vile vibanda vya mabati vya duara walimokaa askari na familia zao. Maji yalitoka kuanzia saa kumi hadi magharibi. Funguo za bomba alikuwa nazo mke wa koplo, mwanamke mnene mwenye sauti iliyozoea kuita watoto wanane.

Nikueleze sheria za pale, kwa sababu kila kitu kinatoka humo. Asubuhi ulipeleka dumu lako, ukalipanga kwenye mstari, ukaenda zako. Mchana kutwa madumu yalisimama badala ya watu. Kila moja lilikuwa na alama: uzi, rangi ya kucha, kipande cha nguo. Langu lilifungwa ukanda wa kanga kuukuu ya bibi, na kwa kuwa halikuwa na kifuniko, lilizibwa kwa gunzi la hindi. Maji yakishafunguliwa, mstari ulianza kusogea, na kila dumu lilipaswa kusukumwa na mwenyewe. Nafasi ikifunguka mbele ya dumu na asitokee mtu wa kulisukuma, walisema limelala. Dumu lililolala lilipitwa. Na kugusa dumu la mtu ilikuwa kama kula kwenye sahani yake, isipokuwa mlikuwa marafiki. Marafiki walisukumiana. Ungeweza kukaa pale saa moja, ukatazama miguu tu, ukajua nani ana nani.

Mimi sikuwa na mtu. Na kusimama kwenye mstari ule, watu wakinitazama na kuniuliza habari za mama, kulinishinda. Nilikuwa najibanza nyuma ya ukuta wa kantini, nachungulia, nafasi ikifunguka natoka mbio. Mara nyingi nilichelewa. Bibi alisubiri maji hadi adhana, hakunigombeza. Alisema tu, "Mjukuu wangu, haya ni nguo nzuri, lakini hailalwi nayo."

Kisha siku moja nilitoka mbio nikakuta dumu langu limeshasukumwa. Nikadhani nimekosea. Kesho yake tena. Siku ya tatu sikuchungulia mstari, nilichungulia miguu, na huo ndio uchunguzi wangu wa kwanza maishani. Nikaona mguu mrefu mweusi, kandambili imeshonwa kwa waya, unasukuma dumu lenye kifuniko cha buluu, halafu, bila mwenyewe kutazama chini, unarudi nyuma na kusukuma langu.

Alikuwa binti wa sajini, msichana wa rika langu, kichwa kimenyolewa, familia yao imetoka kaskazini. Alisoma shule ya kambini.

"Wewe wa kabalagala," akaita, hajageuka. "Toka huko nyuma. Ninakuona."

Nikatoka.

"Unaogopa jerikani yako ama unaogopa nini?"

Nikasema, watu.

Akafikiri. "Basi simama na mimi. Mimi si watu."

Nikasimama naye. Kuanzia hapo, kwa miezi karibu saba, nilisimama naye kila siku. Yeye aliongea, mimi nilisikiliza, na kwa mara ya kwanza kusikiliza hakukuwa kujificha. Alinifundisha kumjua askari aliyelewa kwa mlio wa buti zake. Alinihadithia kambi nne alizokwisha kaa, na jinsi uhamisho unavyokuja: karatasi leo, lori kesho alfajiri. "Sisi hatuachagi kitu," alisema. "Mama anang'oa hata misumari kwa ukuta. Kamba ya nguo, anakunja. Mtu akiingia hiyo nyumba atafikiri hakuna mtu alikaa." Dumu lake lilikuwa limepita kambi zote nne. Kile kifuniko hakumruhusu mtu akiguse, maana pale kifuniko kilikuwa mali. Kikipotea, unarudi kwenye gunzi kama mimi.

Jioni alikuja kwa bibi kula kabalagala zilizovunjika. Alimwita Jaja, yaani nyanya, na bibi, aliyezoea kusahihisha Kiswahili cha kila mtu hadi cha askari wenye bunduki, chake hakukigusa hata siku moja. Ijumaa moja mama alipouliza tena juu ya marafiki, nilimpa mgeni wetu simu, wakaongea wao wawili hadi salio likaisha.

Sasa nifike pale ninapopazunguka.

Bibi aliumwa mgongo, ikabidi nigeuze kabalagala za jioni mimi. Mchana ule, tukiwa njiani, nilimwambia rafiki yangu, "Leo nitachelewa. Nisukumie, tafadhali." Lilikuwa jambo la kwanza nililowahi kumwomba. Akacheka, akasema kwani siku nyingine anasukuma ya nani.

Nilipofika bombani nikakuta kelele. Dumu la mke wa koplo lilikuwa limelala. Mwenyewe alikwenda kumwogesha mtoto, akampa jirani yake funguo. Rafiki yangu akasukuma lake na langu, yakalipita, kama sheria inavyosema. Lakini mke wa koplo hakuzoea kupitwa, na sasa alikuwa amerudi.

"Hii jerikani ya kitambaa ya nani?" alikuwa anauliza. "Nani alipitisha hii kwa yangu?"

"Ni mimi, mama," rafiki yangu akasema. "Ni ya huyu mwenzangu. Aliniambia nisukume."

"Munaleta wizi kwa laini. Leo munapita mimi, kesho mutapita bwana yangu." Watu wakacheka. Kisha akanigeukia. "Wewe mtoto wa Hajati. Ni wewe ulimwambia?"

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Ndiyo. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini mstari mzima uligeuka kunitazama, wanawake, watoto, askari mmoja aliyekuwa ananawa miguu. Nikatazama chini. Nikaliona gunzi la dumu langu na maji yakidondoka kutoka bombani, na nikaendelea kutazama.

"Unaona?" mke wa koplo akamwambia rafiki yangu. "Hata mwenyewe anakukana." Akalitoa dumu la kifuniko cha buluu kwenye mstari kwa mguu. "Wiki moja sitaki kuona hii hapa. Utaenda chemchemi."

Rafiki yangu aliokota dumu lake. Hakukasirika, na ndicho ninachokumbuka zaidi. Alinitazama kama mtu anayepapasa mfukoni akitafuta kitu alichokuwa na hakika kimo. Kisha akaondoka. Langu lilibaki kwenye mstari, na siku ile nilirudi na maji mapema kuliko siku zote.

Chemchemi ilikuwa bondeni nyuma ya soko, na njia yake ilikuwa utelezi. Wiki ile nilimwona mara mbili kwa mbali akipanda na dumu kichwani. Mara zote mbili niliandaa maneno, na mara zote mbili nikageukia ukuta. Bibi aliweka kando kabalagala zilizovunjika, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne akanipa mimi moja.

"Tafuna," akasema.

Nikatafuna. Ilikuwa ngumu kama ngozi.

"Neno la kweli nalo ni hivyo hivyo. Likipoa, hata mwenye kulitoa linamvunja meno." Hakuwa ameniuliza kitu. Bibi alikuwa na benchi, na benchi ilimletea habari zote za kambi.

Wiki ikaisha Jumapili. Jumatatu asubuhi, nilipopeleka dumu langu kabla ya shule, nililiona kutoka getini: la nne kwenye mstari, kifuniko cha buluu, na nyuma yake hakuna kitu. Nafasi yangu. Nikaliweka langu hapo, yakagusana. Siku nzima shuleni nilikuwa mwepesi. Mwalimu alipoita jina langu niliitika hadi akanyanyua macho kuona ni nani.

Saa kumi nilikimbia. Bomba limefunguliwa, mstari umeanza, rafiki yangu hayupo. Nafasi ikafunguka mbele ya dumu lake. Sikuchungulia kutoka kokote. Nilipita katikati ya watu, nikalisukuma lake kwa mguu, nikarudi, nikasukuma langu. Nafasi nyingine. Tena lake, tena langu. Nilikuwa natazama njia ya vibanda, kwa sababu nilitaka anikute nikifanya hivyo.

Tulipofika bombani, mke wa koplo akauliza, "Na hii nyingine?"

"Ni ya rafiki yangu," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoipima. Watu wakageuka, nikawaacha wageuke. "Na ile siku ni mimi nilimwambia asukume. Hakuiba nafasi. Mimi nilinyamaza tu."

Alifunga bomba, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Mwanangu," akasema, na ile sauti ya watoto wanane haikuwepo, "hao walienda. Lori ilikuja alfajiri, wakapelekwa kule mbali kaskazini. Hukujua?"

Nikasema dumu lake hili hapa. Familia ya askari haiachi dumu. Haiachi hata misumari.

"Niliona msichana anatoka kwa lori," akasema. "Mama yake anamwita, anamwita, baba anapiga honi. Alikuja kuweka hiyo, akarudi mbio." Akanitazama kidogo, kisha akafungua bomba. "Lete. Jaza zote mbili."

Nilijaza yote mawili. Nililipeleka langu kwanza, nikarudi kuchukua lake, na hakuna aliyekuwa ameligusa. Bibi aliyamimina maji yale kwenye pipa pamoja na mengine, akalisuuza dumu, akanikabidhi kifuniko mkononi.

Katika kazi yangu ya uandishi wa habari nimewatafuta watu wengi, na wengi nimewapata. Yeye sijampata. Nilimjua kwa jina la nyumbani tu, jina ambalo halimo kwenye orodha yoyote, na hakuna ofisi utakayoingia uulize habari za mguu mrefu na kandambili ya waya. Vibanda vya mabati vilibomolewa, pakajengwa maghorofa yenye bomba kila jikoni. Bibi ametangulia. Mke wa koplo nilimwona mara moja sokoni Nateete, amekonda. Alinishika mkono, kisha akaendelea na safari yake.

Wiki iliyopita, basi, lori la maji lilipofika, nilishusha dumu lile, nikaliweka kwenye mstari baada ya ndoo za watu ambao tunapishana nao ngazini mwaka wa tano huu bila kujuana majina. Kisha nikapanda juu, nikasimama barazani, nikatazama. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Pengine unajua wewe.

Kila mtu alikuwa amesimama na chombo chake, macho kwenye simu. Mstari ukasogea. Nafasi ikafunguka mbele ya kifuniko cha buluu. Kijana aliyekuwa nyuma yake alilitazama dumu, akatazama huku na huku, akalizunguka. Wengine wakamfuata.

Nilikaa barazani kidogo, kisha nikashuka, nikaliokota, nikaenda nalo mwisho wa mstari. Yule kijana alinigeukia kwa adabu.

"Samahani, madamu. Sikujua kama lina mwenyewe."

Nikamwambia linaye.