Kikadi cha Yaya Neema

Juzi binti yangu alikuwa akikata boksi la konfleksi atengeneze vikadi vya zawadi za Krismasi, na harufu ya gundi ikanirudisha kwenye fleti yetu ya kwanza hapa Amerika, mjini Brooklyn Park.

Ilikuwa Krismasi, nami nilikuwa bado mtoto; tulikuwa tumetoka kanisani. Nyumba ilinuka mafuta ya maandazi. Zawadi zote zilikuwa zimefunguliwa isipokuwa ya Yaya Neema, dada yangu mkubwa, aliyebaki kwenye kambi ya wakimbizi sisi tulipoletwa Amerika. Kikadi chake nilikiandika mimi. Niliamini kwamba mtu akiandikiwa kikadi lazima aje achukue zawadi yake, maana sote tulioandikiwa tulikuwepo.

Nje, gari la kuondoa theluji lilikwaruza uwanja wa kuegesha magari. Kila liliposimama nilikimbilia dirishani.

Mwishowe nikakitazama kile kikadi vizuri. Herufi zilikuwa zimepinda. Nikakata kingine, nikapiga mstari kwa rula, nikaandika jina lake polepole.

"Mama, kile cha kwanza niliandika vibaya?"

Mama aliendelea kukunja karatasi zilizochanika, moja moja.

"Hapana, mwanangu. Uliandika muzuri."

Nikaandika cha tatu.

Siku hizi anayempigia simu wakili wa uhamiaji ni mimi. Faili la Neema liko pale pale, na hakuna anayeniambia kwa nini. Juzi binti yangu alinipa kikadi nimwandikie Neema, mama yake mkubwa ambaye hajawahi kumwona. Herufi ya kwanza ikapinda.

Nikamwomba anikatie kingine.