Mnafu wa Mama

Nyuma ya nyumba zetu, huku Engutoto, kuna kiwanja ambacho mwenyewe yuko mbali na hajaamua kujenga. Zamani kilikuwa jalala. Tulichoka na nzi, sisi wanawake wa mtaa, tukaazima makoleo, tukaondoa takataka na kugawana matuta. Mwenyewe alipopigiwa simu alisema tulime tu, mradi tusipande miti. Tangu hapo tumeachana na mboga zilizomwagiliwa maji ya mtaro, ambazo ndizo mtu wa kipato chetu anazoweza kununua. Hata asiye na tuta akipita jioni na sufuria yake, anachuma. Hiyo ndiyo sheria yetu, na naipenda kuliko sheria nyingine yoyote ninayoijua. Maji yanatoka kwenye koki yangu, kwa mpira unaopita chini ya ua wangu wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani.

Jirani yangu wa tuta ni mwanamke wa Kondoa, ameletwa mjini na ndoa, mpole, na msafi mpaka anaudhi. Ukidondosha jani tutani kwake, analiokota. Mimi ni Mchaga mwenye hasira za kurithi, na tuta langu ni kama mimi. Upande mmoja sukuma wiki, upande wa pili mnafu ulioota wenyewe, ule wa majani madogo, mchungu kwelikweli. Niliuacha makusudi. Mama yangu alikuwa ameletwa kwangu kutoka kijijini, mgombani, baada ya kuugua, na chakula kilikuwa kimemshinda. Mtori wa ndizi alionja akasukuma bakuli. Mnafu wa sokoni, wa majani mapana, alisema nimpelekee mbuzi. Ukimuuliza kesho atakula nini, anakujibu kesho ni ya Mungu. Kitu pekee alichokuwa anamaliza ni mnafu wa tutani, na kila nilipomwona anatafuna, hofu yangu ilipungua kidogo.

Jumapili moja nikitoka kanisani nilipitia shambani kuchuma. Upande wa mnafu ulikuwa mtupu, udongo umesawazishwa vizuri. Jirani alisimama pembeni na jembe, anatabasamu.

"Nimekusaidia shoga yangu," alisema. "Magugu yalikuwa yanakumaliza."

Kwao mboga ni mlenda. Mnafu aliujua huo wa sokoni tu. Hayo nayasema leo nikiwa nimepoa, maana siku ile nilisema mengine, na sauti yangu inajulikana mtaa mzima. Kisha nikaenda nyumbani nikafunga koki. Nikajiambia kama mama yangu hali, basi hakuna atakayekula.

Usiku ule mama hakula. Siku iliyofuata alikunywa chai tu. Jua liliwaka, na kupitia dirishani niliona mchicha wa watu umelala. Roho iliniuma, lakini hasira ilikuwa bado haijachoka.

Jioni nikasikia hodi. Alikuwa jirani, mkono mmoja bakuli lililofunikwa, mwingine jani la isale.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama kwanza.

"Marahaba," mama alijibu bila kugeuka.

Jirani akaninyooshea jani. "Nimeambiwa kwenu mtu akikosa anakuja na hili."

Nililitazama. "Umelikata wapi?"

"Hapo kwenye ua wako. Mtaa mzima sijaona lingine."

Nilitaka kuendelea kununa, nikashindwa. Kwetu isale halikataliwi. Ukiletewa unasamehe, hata kama moyo bado unachemka, na sijawahi kumsikia mzee akisema lazima litoke kwenye ua wa mkosaji. Nililipokea isale langu mwenyewe huku nacheka.

"Na hii ni nini?"

"Mnafu. Nimezunguka tangu asubuhi mpaka kule Themi, kila mwenye nao pembeni ya tuta nikamwomba kidogo. Ila sijui nyie mnaupikaje. Nimeunga karanga, kama mboga za kwetu."

Mama yangu na karanga kwenye mnafu! Lakini nilikuwa nimeshapokea isale, siwezi tena kugomba. Nilimwinua mama, nikampa kijiko. Alionja, akakunja uso. Akaonja tena. Mimi na jirani tulimkodolea macho kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Alikula taratibu mpaka kijiko kikaanza kugonga bakuli, akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga.

Kisha akaniambia kwa Kichaga nimwambie huyu mama kwamba kesho apunguze karanga.

Kesho. Alilisema mwenyewe, bila kuulizwa. Nilimtafsiria jirani nikiwa nalia, naye akaanza kulia bila hata kujua kwa nini. Nikatoka nje kufungua koki.