Kozi ya bunduki ya online ilinipa mimi cheti, ikamwachia mjomba sikio moja

Wakuu, poleni na mihangaiko. Arua nzima inajua natia chumvi, ila hii ya leo naileta bila chumvi. Labda kidogo tu pale mwanzo.

Nilipomaliza shule ya jioni nikataka kazi ya kulinda ghala. Nikajiunga na kozi ya online ya usalama wa bunduki. Nilisoma mpaka simu ikatoa moshi. Bunduki yangu ilikuwa ufagio, na majirani zangu pale mtaani Ayivu wakaanza kupita mbali.

Somo moja tu niliruka, la kuziba masikio. Nikaona ni mambo ya Wazungu, na bando lilikuwa linaisha.

Cheti nikapata, nikakiweka status.

Msimu huu nikaenda Lurujo, kule Koboko, kumsaidia mjomba shamba la mihogo. Mjomba ndiye mpiga adungu wa kanisa, kile kinubi chetu. Hata vinubi vya wenzake, yeye ndiye hukaza nyuzi mpaka zilie sawa.

Jembe lake likagonga kitu. Bunduki ya vita vya zamani, imeviringishiwa nailoni.

Akasema, "Wacha hapo. Tuite polisi."

"Mjomba, mimi iko na cheti."

"Cheti yako iko ya simu. Hii iko ya udongo."

Sikumsikiliza. Mdomo wa bunduki nikaelekeza kwenye kichuguu, kidole mbali na triga, magazine nikatoa. Sawasawa na video. Ila kwenye video kile chuma cha kutoa risasi ya ndani huteleza, hiki kilishikwa na kutu. Nikakigonga na mpini wa jembe.

Ikalia.

Kichuguu kikapasuka, hakuna aliyepigwa. Nikaanza kujisifu kwamba kanuni zimetuokoa. Mjomba, aliyekuwa ameinama karibu yangu, akashika sikio akauliza kwa nini nanong'ona.

Polisi walipofika akawaambia ni yeye aliyeigonga kwa jembe ikalia, mimi hakunitaja. Hospitali wakasema sikio hilo halirudi, na lililobaki bado linavuma.

Jumapili nilimkuta kanisani amelaza taya juu ya mbao ya adungu asikie mtetemo, anavuta uzi mmoja. Akanitazama. "Iko sawa?"

Mimi muziki sijui hata chembe. Nikasema iko sawa.

Kwaya ilipoanza, adungu ikaenda njia yake, watu wakageuka.

Wakuu, ukikuta bunduki ardhini, simama mbali, ita polisi. Kazi ya ghala sijaiomba tena. Ila kama humu kuna anayejua kukaza nyuzi za adungu, aniandikie hapa chini. Nitamfuata hata kwa miguu anifundishe. Video sitaki.